Kuku walitangulia: chanjo ya vinasaba na safari ya kufika Sindeni

Mfugaji wa kuku wa kienyeji wa Sindeni, wilayani Handeni, hahitaji semina ili ajue kirusi cha njia ya hewa ni kitu gani. Mdondo ukiingia kijijini, kuku huanza kuzubaa, mabawa chini, wakapumua kwa kukoroma na kuharisha kijani. Wachache wanaochelewa kufa hupinda shingo na kujizungusha pale pale walipo. Wiki ikipita, aliyekuwa na kuku 30 anabaki na vifaranga wawili na banda la kufagia.

Dawa ya mdondo hakuna. Kuna kinga, nayo ni tone moja la chanjo jichoni, linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo yenyewe inajulikana kwa wataalamu kama I-2. Ilitokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliotafuta kirusi cha mdondo kisichodhuru kuku na kisichoharibika upesi kwa joto. Walipokipata, mbegu yake ikatolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo. Leo chanjo hiyo inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, na jina lake la dukani, TEMEVAC, bado linanukia Temeke ziliko maabara kuu za mifugo. Mchanjaji anaitembeza kijijini kwenye kikapu chenye kitambaa kibichi, na chanjo haiharibiki kwa safari hiyo.

Naanza na kuku kwa makusudi. Habari ninayoileta ni ya sayansi ngumu, chanjo za vinasaba dhidi ya virusi vya njia ya hewa vinavyobadilika kila kukicha, na habari za namna hiyo huandikwa kana kwamba zinaanzia na kuishia Marekani. Lakini swali lake kubwa kuliko yote lilikwishajibiwa kwa kuku: chanjo itafikaje kijijini ikiwa nzima, na mbegu yake ni ya nani?

Kwa binadamu jibu lilikuwa tofauti. Tunakumbuka mwanzoni mwa 2021. Magazeti na matangazo ya misiba yalijaa maneno “changamoto ya upumuaji”, nyungu zilichemshwa kuanzia Kariakoo hadi Korogwe, na takwimu za wagonjwa wa korona zilikuwa hazitolewi tangu katikati ya mwaka uliotangulia. Ukimya wetu haukukizuia kirusi kujiandika upya. Februari mwaka huo, katika uwanja wa ndege wa Luanda, Angola, wasafiri waliotoka Tanzania walipimwa wakakutwa na aina ya kirusi yenye mabadiliko zaidi ya 30, mengi kuliko aina yoyote iliyokuwa imeonekana hadi siku ile. Haikuenea duniani kama Delta au Omicron. Lakini nchi ambayo haikuwa ikitangaza mgonjwa hata mmoja ilijulishwa hali ya kirusi chake na maabara za watu wengine.

Julai 24, 2021 ndege ikatua Dar es Salaam na dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Dozi milioni moja kwa nchi yenye watu karibu milioni 60. Novemba mwaka huo huo wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini wakaitangaza Omicron, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye protini ya mwiba peke yake, protini ile ile ambayo chanjo nyingi kubwa zilikuwa zimeufundisha mwili uitambue. Waliokuwa bado kwenye foleni ya dozi ya kwanza walikuwa sasa wanasubiri chanjo iliyotengenezwa kwa sura ya zamani ya kirusi.

Tabia hii si ya korona peke yake. Kirusi cha mafua makali, influenza, kina ujumbe wake kwenye vipande nane vya RNA, na kinapojinakili hakina wa kukisahihisha. Makosa yanabaki, na baadhi yake hukisaidia kirusi chenyewe kukwepa kinga. Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya nguruwe au bata mmoja, vinaweza hata kubadilishana vipande. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huitisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, waamue chanjo ya msimu unaokuja ilenge aina zipi. Wakishaamua, chanjo nyingi bado huoteshwa ndani ya mayai ya kuku kwa miezi kadhaa. Kirusi hakisubiri mayai.

Wazo la kuachana na mayai lilizaliwa kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walidunga DNA (vinasaba) tupu, isiyobebwa na kitu chochote, kwenye msuli wa panya. Msuli ukaisoma na kuanza kutengeneza protini iliyoandikwa humo. Miaka mitatu baadaye Jeffrey Ulmer, Margaret Liu na wenzao wa kampuni ya Merck wakauliza swali lililofuata: je, tukiandika humo protini ya kirusi cha mafua? Wakachagua protini ya ndani ya kirusi, ambayo haibadiliki ovyo kama ile ya nje. Walitumia kipande kutoka kirusi cha mwaka 1934, wakawachanja panya, kisha wakawaambukiza kirusi cha Hong Kong cha mwaka 1968. Miaka 34 ya mabadiliko ilikuwa katikati ya virusi hivyo viwili, na panya wengi waliochanjwa walinusurika.

Kwa hiyo chanjo ya DNA, tangu siku yake ya kwanza ya maana, ilikuwa habari ya kirusi cha njia ya hewa kinachobadilika. Hili husahaulika mara nyingi.

Jinsi inavyofanya kazi si fumbo. Wataalamu huchukua plasmidi, kijiduara cha DNA ambacho bakteria hukinakili wenyewe, wakapachika humo jeni moja la kirusi. Bakteria hukuzwa kwenye mapipa, plasmidi ikavunwa, ikasafishwa, ikawekwa kwenye vichupa. Ndani ya mwili, seli zinazoipokea husoma jeni lile na kutengeneza protini ya kirusi, protini tu, pasipo kirusi. Mfumo wa kinga ukiiona, hutengeneza kingamwili na kuziandaa chembe nyeupe zinazowinda seli zilizoambukizwa. Kirusi kikibadilika, hubadilishwa jeni lililopachikwa na mengine yote yakaachwa yalivyo. Fundi cherehani wa Handeni anaelewa jambo hili: ukishakuwa na karatasi ya kukatia gauni, kubadili kola hakukulazimishi kuchora gauni zima upya.

Tatizo lilikuja pale ilipotoka kwa panya kwenda kwa binadamu. DNA inatakiwa iingie ndani ya seli, kisha ivuke ukuta wa pili hadi kwenye kiini, ndipo isomwe. Chanjo za mRNA zilizovuma wakati wa korona hazihitaji kufika kwenye kiini, nazo husafirishwa ndani ya vitone vya mafuta vinavyozisaidia kupenya. DNA tupu ikidungwa kwa sindano ya kawaida kwenye bega la mtu mzima, sehemu kubwa huishia nje ya seli. Kinga ikaonekana, lakini hafifu. Kwa miaka zaidi ya 20 wanasayansi wamehangaika na ukuta huo, na sehemu ya kuhangaika huko imefanyika hapa kwetu, jambo ambalo Watanzania wengi hawajawahi kusimuliwa.

Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, yalianza majaribio yaliyoitwa HIVIS03. Kirusi kilicholengwa hakikuwa cha mafua. Kilikuwa VVU, ambacho kwa kubadilika kinayaacha mafua mbali. Wajitolea 60, walioanzia kwenye kundi la askari polisi wa Dar es Salaam waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti kwa muda mrefu, walipewa chanjo ya DNA kutoka Sweden kwa kifaa kisicho na sindano kinachosukuma dawa kwa msukumo mkali hadi ipenye ngozi. Baadaye wakaongezewa chanjo nyingine kutoka Marekani, iliyobebwa na kirusi dhaifu cha jamii ya ndui. Muhammad Bakari, Fred Mhalu, Eligius Lyamuya na Said Aboud, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walikuwa miongoni mwa watafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa DNA peke yake iliamsha kinga kidogo, lakini ilipofuatiwa na chanjo ya pili, karibu wote waliochanjwa kikamilifu walionyesha chembe za kinga zinazokitambua kirusi. Yakafuata majaribio ya TaMoVac, Dar es Salaam, Mbeya na Maputo, ambako baadhi ya wajitolea walipewa DNA pamoja na mshtuko mdogo wa umeme unaofungua tundu za seli kwa muda mfupi.

Kisha likaja jaribio kubwa, PrEPVacc, lililoanza Desemba 2020 likiwa na wajitolea 1,512 wa Masaka, Dar es Salaam, Mbeya na Durban, chini ya uongozi wa Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda. Mipango yote miwili ya chanjo iliyopimwa ilikuwa na DNA ndani yake. Desemba 2023 ikatangazwa kuwa uchanjaji umesimamishwa, kwa kuwa hapakuwa na matumaini kwamba chanjo zile zingezuia maambukizi. Wapo waliolichukulia tangazo lile kuwa mwisho wa habari ya DNA. Sikubaliani nao. VVU kimeshinda kila aina ya chanjo iliyojaribiwa hadi sasa, kwa hiyo kukitumia kama kipimo cha DNA ni kuionea. Kirusi cha njia ya hewa ni mpinzani mwingine; mwili wenyewe hukishinda mara nyingi bila msaada.

Uthibitisho umetoka India. Agosti 20, 2021 serikali ya India iliidhinisha kwa dharura chanjo ya ZyCoV-D ya kampuni ya Zydus Cadila, chanjo ya kwanza ya DNA kuruhusiwa kwa binadamu popote duniani. Majaribio yake yalihusisha watu wapatao 28,000, na yalifanyika wakati Delta ikiichoma India. Iliwakinga wasiugue korona yenye dalili kwa asilimia 66.6. Si kiwango cha kupigiwa vigelegele ukikilinganisha na mRNA za mwanzo, lakini zile zilipimwa kabla kirusi hakijabadilika sana, na hii ilipimwa katikati ya moto. Ilitolewa kwa dozi tatu, kwa kifaa kisicho na sindano kinachoipenyeza kwenye ngozi.

Kifaa hicho ndicho kinachonipa mashaka. India ilinunua dozi moja kwa rupia 265, na juu yake rupia 93 kwa kifaa. Yaani kwa kila rupia 100 zilizolipwa, takribani 26 zilikwenda kwenye kifaa cha kudungia, si kwenye chanjo. Kampuni ya Marekani ya Inovio, iliyoanza kuwadunga watu chanjo yake ya DNA dhidi ya korona mapema Aprili 2020, ilizuiwa na wadhibiti wa huko Septemba mwaka huo kuingia hatua iliyofuata ya majaribio, na miongoni mwa maswali yaliyoulizwa yalikuwepo ya kifaa chake cha umeme. Mwaka 2022 ikaachana na jaribio lake kubwa. Chanjo inayotegemea mashine kwenye kila zahanati, mashine inayotaka betri, vipuri na fundi, tunaifahamu hatima yake. Vifaa vya msaada vilivyoharibika na kuwekwa kwenye kona ya stoo vimejaa katika vituo vyetu.

Sasa turudi kwenye joto, maana hapo ndipo DNA inaposhinda. Chanjo ya mtoto wa Sindeni husafiri kutoka bohari ya taifa hadi mkoani Tanga, kisha wilayani, kisha zahanati, na njia nzima inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Mnyororo baridi, wanavyouita wahudumu. Kwenye lebo ya vichupa vingi kuna alama ndogo ambayo mama mwenye kadi ya kliniki hapati nafasi ya kuiona: duara la zambarau, na ndani yake mraba mweupe. Kila kichupa kinapopata joto, mraba hukolea rangi kidogo na haurudi nyuma. Ukifikia rangi ya duara, kichupa hakitumiki tena, hata kama tarehe yake haijaisha. Muuguzi hukitazama kabla ya kukifungua, akakiinua kwenye mwanga wa dirishani maana rangi zikikaribiana macho hubishana. Chanjo nyingine huharibika kinyume chake, zikigandishwa na barafu ya kibebeo iliyowekwa vibaya. Hizo hutikiswa, zikatazamwa kama zinatuama chini upesi kuliko kawaida. Ni kazi ya umakini mkubwa inayofanywa na mtu ambaye mara nyingi yuko peke yake kituoni, na foleni ya akina mama ipo mlangoni.

ZyCoV-D huhifadhiwa kwenye friji ya kawaida, lakini imeonyesha kuwa inakaa salama kwa nyuzi 25 kwa angalau miezi mitatu. Ilinganishe na chanjo ya Pfizer ya mwanzo, iliyotaka baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Tusijidanganye, mchana wa Handeni huzidi nyuzi 25 mara nyingi. Hata hivyo friji ya sola ikigoma Ijumaa na fundi akafika Jumanne, chanjo ya DNA itakuwa bado ni chanjo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya I-2 iokoe kuku ambao chanjo za zamani za mdondo, zilizotaka friji kila hatua, hazikuwahi kuwafikia.

Lipo jambo la kuogopesha ambalo haifai kulificha. Wakati wa korona ulisambaa uvumi kwamba chanjo zinabadilisha vinasaba vya mtu. Kwa mRNA jibu lilikuwa jepesi, haifiki kwenye kiini. Kwa DNA inafika, tena ndipo inapotakiwa kufika. Basi wananchi waambiwe ukweli mzima. Plasmidi hubaki kijiduara peke yake kandoni mwa vinasaba vya mtu, haina kifaa cha kujipachika humo, na seli ikifa hupotea nayo. Uwezekano wa kipande kujipachika kwa bahati mbaya umepimwa kwa wanyama, ukakutwa uko chini sana ya mabadiliko ambayo vinasaba vyetu hufanya vyenyewe kila siku bila chanjo yoyote. Mtu anayeelezwa hivi anaweza bado kukataa, na ni haki yake. Anayefichwa atakataa pamoja na kijiji kizima, siku atakapousikia ukweli huo kwa mtu mwingine.

Na mkoa wa Tanga unajua kuelezwa na kukubali. Korogwe kuna kituo cha NIMR ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipima chanjo za malaria. Mwaka 2008 jarida kubwa la tiba la New England lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Korogwe na Kilifi, Kenya, kwa watoto 894 wa umri wa miezi 5 hadi 17: chanjo ya RTS,S ilipunguza malaria kwa asilimia 53. Lilifuata jaribio la mwisho, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, Korogwe na Bagamoyo vikiwa viwili kati yake. Daktari John Lusingu na wenzake waliifanya kazi hiyo kwa viwango ambavyo wadhibiti wa Ulaya waliviridhia. Mama wa Korogwe alikubali mwanawe atolewe damu, afuatiliwe nyumbani na apimwe kila alipopata homa, ili dunia ipate jibu.

Jibu lilipopatikana, nchi zilizochaguliwa kuanza kuitumia mwaka 2019 zilikuwa Kenya, Ghana na Malawi. Tanzania haikuwamo. Pengine zilikuwapo sababu nzuri za kitaalamu. Lakini sijui mahali ilipoandikwa mapema kwamba watoto wa mahali chanjo ilipopimwa wangekuwa wa kwanza kuipata, na kisichoandikwa hakidaiwi.

Chanjo za DNA dhidi ya mafua na jamii ya korona zinaendelea kutengenezwa, nyingine zikilenga zile protini za ndani zisizobadilika ovyo, na nyingine zikitafuta njia ya kupenya seli bila mashine ya bei. Siku moja mojawapo itataka kupimwa kwenye joto, mahali penye watu waliokwisha kuzoea utafiti na wataalamu waliokwisha kuuendesha. Korogwe itakuwa kwenye orodha, na vijiji vya Handeni havitakuwa mbali. Kwa Wizara ya Afya, NIMR na kamati za maadili, ombi ni moja. Kabla mzazi wa kwanza hajatia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, ukurasa ule ule uonyeshe bei ambayo Tanzania itauziwa chanjo hiyo ikifaulu, nani atamiliki kifaa cha kuidungia, na kama mbegu yake itakuja nchini ilivyokuja ya kuku. Na wewe mzazi, ukiletewa fomu isiyo na mambo hayo matatu, irudishe uombe yaandikwe.